Uji wa Jumamosi wa Mama Dorothée Byaombe

Mama Dorothée Byaombe alizaliwa Swima tarehe 12 Machi 1961, binti wa mvuvi. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuhangaika: mvua ikichelewa aliogopa njaa, ikinyesha aliogopa mafuriko. Alisoma kwa masista hapa Baraka hadi mwaka 1976, akajifunza kushona na kusali rozari. Kushona kulimlisha maisha yake yote. Rozari ilimtuliza, ingawa si sana.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na mwalimu Déogratias, aliyetutangulia mwaka 2011. Mungu aliwajalia Clarisse na Lionel.

Mei 2009, Lionel, akiwa na miaka kumi na mitano, alipanda mtumbwi wa mashini kutoka Kazimia, na dhoruba ikaupoteza ziwani siku mbili. Mama alipiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria akaapa: mtoto akirudi, kila Jumamosi, siku ya Mama Maria, atampelekea uji na sabuni mzazi asiye na mtu wa kumtunza pale maternite, wodi ya wanaojifungua. Siku ya tatu Lionel akashuka Swima, mzima.

Wenzake wa chama cha sala cha Lejio ya Maria walimsifu kwa moyo wa kutoa. Laiti wangejua alivyokuwa roho juu. Aliamini akikosa Jumamosi moja tu, Bikira atamchukua Lionel. Alipika akitetemeka na malaria. Alipika hata kwenye matanga ya mume wake, mawifi wakinung'unika. Clarisse akimsihi apumzike, alijibu: "We haujue kitu niliapa."

Septemba mwaka huu moyo ulimlemea, miguu ikavimba, akalazwa hospitali ileile yenye maternite. Jumamosi tarehe 20 alizinduka jioni akauliza kama uji umeenda. Clarisse hakuweza kumdanganya. "Mama, hakuna mwenye alipika. Sisi wote tulikuwa hapa." Lionel alikuwa Lulimba, kwenye mashimo ya dhahabu, na simu yake haikupatikana. Siku tatu Mama alikataa chakula. Kila aliyeingia chumbani, alimtazama usoni kwanza kama ameleta habari ya msiba.

Jumanne Lionel akaingia na matope yake, akaulizia chakula. Tulidhani Mama atafurahi. Alilia kwa aibu.

"Nibizi, ule mama Mrundi mwenye hana ndugu hapa, alizaa pale maternite siku ile ya Jumamosi," alisema. "Mi nilikuwa naogopa juu yako tu. Yeye na njaa yake, sikumuwaza hata kidogo. Miaka kumi na sita napeleka uji, sijauliza hata jina ya mutoto mumoja."

Akaomba Nibizi aitwe. Alimpakata mtoto wake asubuhi nzima, akauliza jina. Aliitwa Merveille. Lionel alipotaka kuichukua nadhiri ile, Mama alimshika mkono. "Hapana, we usiape. Kama unaenda, uende juu ya ule mama mwenye iko na njaa."

Alifariki Ijumaa tarehe 10 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na minne. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, dada yake Constance, na wanalejio wenzake wa Baraka.

Leo, siku ya mazishi, Lionel amechelewa kufika, na wazee wamemkemea. Alikuwa maternite, akipika uji. Hakuna aliyemtuma.

Mama, pumzika sasa, bila woga.