Gari Jeupe Mlangoni kwa Mwanakuu

Baraza letu liko Kuze, pale uchochoro unapokata kona kabla ya kufika madrasa. Ni la mawe, limelainishwa na makalio ya waliokwisha kufa na sisi tuliobaki, na kila mtu ana mahali pake. Ukutani hukaa Athmani, aliyekuwa karani bandarini. Tangu astaafu yeye ndiye hukata kila shauri, ndiyo maana tunamwita Hakimu. Anayemfuata ni Fuad, fundi wa simu, jina lake Redio, na ukikaa naye kidogo utajua kwa nini. Halafu Ngala, muuzaji katika duka la dawa, ambaye sisi tumeshampa udaktari bila ya kumsomesha. Mwisho kabisa, penye jua, hukaa Ubaid, seremala wa milango, jina lake Bawaba. Mimi hukaa popote palipobaki. Mzee Lali akishamimina kahawa na kugawa kashata, hapo ndipo dunia hutengenezwa. Na juma hili dunia yote ilikuwa ni gari jeupe linalokuja kila siku baada ya alasiri na kusimama mlangoni kwa Mwanakuu, mjane anayepika udi mkabala na sisi. Gari kuingia Kuze si jambo dogo, maana ni lazima likunje vioo vyake vya pembeni ndipo lipite.

Redio: Limekuja tena.

Hakimu: Twaliona.

Redio: Madirisha hayafunguliwi, ndani mna baridi. Huyo ni mtu wa Kizingo, kwa matajiri, yakhe. Na hiyo ni posa.

Ngala: Posa gani ya kukaa garini?

Redio: Posa za Kizingo ndivyo zilivyo. Lakini hebu niambieni, Mwanakuu ana kimo, jamani. Mbona mimi sikukiona mapema?

Hakimu: Na kile kicheko chake. Kikitoka tu, mtaa mzima wachangamka.

Hapo Bawaba akageuza kikombe chake mkononi. Asiye wa Kuze hawezi kujua, basi nimweleze. Mwaka jana, karibu na Ramadhani, Bawaba alikuja barazani ndevu zimechongwa vizuri, akasema ana nia na Mwanakuu, na akatuomba tumpelekee posa. Kwetu mtu hajipelekei mwenyewe, hupelekewa na watu wake, na watu wa Bawaba ni sisi. Tukamcheka. Kimo hicho hicho tukakiita mnazi. Kicheko hicho hicho Hakimu akasema kinasikika hadi soko la samaki. Redio akamwambia ajitengenezee ngazi, kwa kuwa useremala anao. Bawaba akacheka pamoja nasi, akamaliza kahawa yake, na neno lile hakulitaja tena.

Sasa, juma hili la gari jeupe, Redio ametia hina ndevu. Kanzu ya Hakimu imepigwa pasi hadi mikono. Ngala amekwenda kununua udi na kesho yake akarudi kununua mwengine, na mkewe ana pumu.

Mimi: Lakini Mwanakuu ni yule yule. Kilichozidi ni gari tu.

Hakimu: Ndilo shauri lenyewe hilo. Nyinyi mwayakumbuka maduka mawili ya halua, la mjomba na la mpwa wake? Mpishi mmoja, sufuria moja. La mjomba watu wajaa hadi barabarani, la mpwa paka walala mlangoni. Kwa nini? Kwa sababu ukiona watu wamesimama foleni, wajua kuna kitu. Nawe wasimama. Mimi nimesimama foleni ile saa nzima, na halua siruhusiwi, nina sukari.

Ngala: Hiyo ni biashara, Athmani. Hili ni jambo la kiafya.

Hakimu: Uzuri wa mtu ni jambo la kiafya?

Ngala: Mwakumbuka macho mekundu yalivyoingia? Mtu mmoja alikwenda nayo msikitini, na haikufika Ijumaa safu nzima yajifikicha. Kupenda ni vivyo hivyo. Mmoja akimtazama mwanamke kwa jicho lile, wa pembeni yake yuwaambukizwa. Dawa yake ni kukaa mbalimbali.

Redio: Basi wewe ushachelewa. Udi wauficha wapi?

Ngala: Kazini. Tuache hayo.

Redio: Nyote wawili hamjui. Mimi nimelifikiria jambo hili usingizi ukanipaa. Kinachofikiri hapa si sisi. Ni baraza.

Hakimu: Jiwe?

Redio: Jiwe. Sisi twaliazimisha makalio tu. Ushahidi ninao. Mimi nyumbani hupenda chai, nikikaa hapa nataka kahawa. Hapa mimi ni shabiki wa timu yenu ya mpira, nikifika nyumbani, wallahi, ikifungwa nafurahi.

Ngala: Wewe, Fuad? Na ile jezi?

Redio: Jezi ni ya baraza. Na nyinyi jichunguzeni. Nani hapa aipenda timu ile akiwa peke yake?

Mimi mwenyewe nilitazama viatu vyangu. Ndipo Bawaba akazungumza, kwa sauti ile ile ya kuomba kupitishiwa kashata.

Bawaba: Basi mwaka jana, mliponicheka, lilikuwa baraza?

Redio: Ubaid, yale yalikuwa mzaha.

Bawaba: Sawa. Aliyeanza kucheka ni nani?

Hakimu: Ya nini kuyafukua hayo?

Bawaba: Nataka kujua. Mwaka mzima nikilala najiambia sifai. Nikimpitia mlangoni nainamisha kichwa. Nataka kujua ni nani aliyeona kwanza kuwa sifai.

Tukaanza kutafutana. Mimi nilicheka kwa kuwa Redio alicheka. Redio akaapa kwamba yeye alimsikia Ngala. Ngala akasema hakuona cha kuchekesha hata kidogo, ila alimuona Hakimu mabega yanamtikisika, machozi yanamtoka, akajua kuna jambo la kuchekwa na yeye peke yake ndiye hakulielewa. Tukamgeukia Hakimu.

Hakimu: Mimi?

Ngala: Wewe. Uliinama hadi magotini.

Hakimu: Mimi sikucheka.

Redio: Athmani, twajuana hapa.

Hakimu: Wallahi sikucheka. Ilikuwa kashata. Lali alikuwa amezitia tangawizi, kipande kikanikwama kooni. Nilikuwa nakohoa. Nilipoinua kichwa nikawakuta nyote mwacheka, nikasema, basi jambo hili lachekesha. Nikatoa hukumu.

Mzee Lali aliyekuwa akisuuza vikombe akasema kwamba ni kweli, tangawizi ya siku ile ilikuwa kali. Hakuna aliyecheka safari hii, na nilimuonea Bawaba uchungu ambao sikuujua kuwa ninao. Mwaka mzima wa mtu umekwenda kwa kikohozi.

Mlango wa gari ukafunguka. Akashuka mwanamume mnene wa makamo, shati la kazi, akaingia kwa Mwanakuu, akatoka na mfuko wa udi. Badala ya kurudi garini akaja moja kwa moja kwetu. Redio akajifuta ndevu.

— Hamjambo, wazee. Mimi naitwa Samuel.

Hakimu: Hatujambo. Karibu, bwana. Watu wa Kizingo mwatutembelea.

— Kizingo nafanya kazi tu, mimi ni dereva. Mama mwenye gari anaoza binti yake, na kila siku ananirudisha. Leo udi haukukolea, kesho umezidi waridi.

Redio akashusha pumzi, kisha naye mwenyewe akashuka kidogo pale alipokaa.

— Nina ujumbe wenu, akaendelea Samuel. Bi Mwanakuu amesema nikipita hapa niwaulize. Anasema anawaona kutoka dirishani kwake juma zima. Anauliza, hapo barazani kuna mwenye neno na yeye, au mnatazama gari tu?

Hakimu, ambaye hutoa hukumu ya mwezi wa Idi kabla haujaandama, akachungulia ndani ya kikombe chake. Ngala akavua miwani akaipangusa, akaivaa, akaivua. Redio akazifunika ndevu zake kwa mkono. Mimi nilimtazama Hakimu, Hakimu akanitazama mimi. Bawaba akatutazama sote, mmoja mmoja, kama anavyofanya siku zote ili ajue avae uso gani. Safari hii hakuukuta. Akaweka kikombe chini, akajipangusa unga wa mbao magotini, akasimama.

Hakimu: Ngoja, Ubaid. Posa haipelekwi na mwenyewe. Sisi ndio wa kuipeleka. Keti kwanza tulizungumze.

Bawaba: Mmelizungumza mwaka mzima.

Akavuka. Nasi sote tukainuka kwa pamoja kumfuata, na hakuna aliyekuwa amesema tuinuke. Bawaba hakugeuka.

Bawaba: Kaeni.

Tukakaa. Redio alikaa mahali pa Ngala na hakuna aliyeona.

Akapiga hodi. Mwanakuu akafungua ubao mmoja wa mlango, na kweli, ilimbidi Bawaba ainue uso. Akasema maneno mafupi ambayo hatukuyasikia, ingawa tulizuia pumzi. Kisha kikatoka kile kicheko, kikapita juu yetu, kikaenda zake kuelekea soko la samaki. Bawaba naye akacheka, na si kicheko kile alichokuwa akitupa sisi. Ubao wa pili wa mlango ukafunguliwa.

Samuel akaingia garini akaondoka, vioo vimekunjwa. Mzee Lali akainamisha dele la kahawa, yakatoka machicha matupu, akatuambia kahawa imekwisha. Hakuna aliyetikisika.

Redio: Lakini huyu Ubaid, mwayaona mabega yale?

Ngala: Ni ile kazi ya mbao. Na shati lamkaa.

Hakimu akafikiri kidogo, kama mtu anayepima shauri zito.

Hakimu: Mimi hilo nililiona zamani.

Tukaitikia kwa kichwa, mmoja baada ya mwengine, kuanzia ukutani hadi kule penye jua, ambako leo hapakuwa na mtu.