Sidonia Matonya na Dakika Nne za Mama wa Kimaya

Marehemu Sidonia Matonya alizaliwa Bahi, Jumapili tarehe 14 Machi 1971, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Gerson Matonya na Mama Anyesi, ambao wote wawili wametangulia. Mwaka ule mvua zilikuwa kubwa na njia ya zahanati ilikuwa chini ya maji, hivyo alizaliwa nyumbani. Mama yake alisimulia mpaka uzeeni kwamba mtoto huyu alianza kupiga kelele kabla hajamaliza kutoka.

Alianza darasa la kwanza palepale Bahi mwaka 1979 na kumaliza la saba mwaka 1985, kisha akaenda sekondari Dodoma mjini, alikohitimu kidato cha nne mwaka 1989. Kiingereza alipata alama ya juu kuliko wenzake wote. Hisabati alipata alama ambayo familia imeona isichapishwe. Alisoma chochote chenye maandishi, pamoja na magazeti yaliyofungiwa vitumbua, na habari ikikatikia njiani alirudi kwa muuzaji kuuliza kipande kilichobaki kimefungia vitumbua vya nani.

Kuanzia mwaka 1991 alifanya kazi soko la mahindi Kibaigwa, akiwaelekeza madereva wa malori pa kupakia. Huko alijifunza kusema kwa sauti inayomfikia mtu aliye nyuma ya lori linalounguruma, sauti ambayo hakuiacha huko. Huko pia alikutana na Wilbert Mazengo, fundi redio, aliyekuja kutengeneza kipaza sauti cha dalali mmoja. Walifunga ndoa kanisani tarehe 5 Julai 1997, wakahamia Makole, Dodoma mjini, na Wilbert akafungua kibanda cha video. Mungu aliwajalia watoto wawili, Rose na Abeli.

Kwa vijana waliokua na simu mkononi, inabidi kueleza. Kibandani filamu ya Kichina au ya Kihindi ilihitaji mtu wa kukaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akiwasemea wote: shujaa, adui, mama mkwe na farasi. Aliitwa mtafsiri, ingawa mara nyingi hakujua neno hata moja la lugha aliyokuwa akiitafsiri. Sheria ya kazi ilikuwa moja tu: mtafsiri hanyamazi. Mwaka 1999 mtafsiri wa Wilbert alikimbilia Singida na mke wa mtu, kibanda kikiwa kimejaa, na Sidonia akaweka mtoto chini, akachukua kipaza sauti. Hakukirudisha kwa muda wa miaka ishirini na tano. Wahusika wote aliwabatiza majina ya mtaani. Jirani yake, Mzee Meshack, alikuja siku moja kulalamika kwamba ameuawa mara tatu ndani ya wiki moja.

"Shemeji, Ijumaa nitakufufua," Sidonia alimjibu.

"Nifufue, lakini usinioze tena kwa yule mama wa Kihindi. Mke wangu ameanza kuuliza maswali."

Tarehe 8 Machi 2017, Siku ya Wanawake, kikundi cha akina mama wa Bahi kilimwita aje kuonyesha filamu katika ukumbi wa kanisa. Waandaaji walileta flashi yenye filamu kutoka milima ya Guatemala, huko Amerika ya Kati, kuhusu maisha ya wanawake wa Kimaya, wenyeji wa nchi ile tangu kabla ya Wazungu. Ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini, basi kwa mara ya kwanza katika kazi yake Sidonia alikuwa na kitu cha kutafsiri. Alitafsiri. Wanawake wa Bahi waliwaona wenzao wakipanda mlima na mzigo wa kuni, kamba imepita kwenye paji la uso. Waliwaona wakisaga mahindi kwa jiwe, magoti chini, mgongo ukienda na kurudi. Waliwaona wakishuka na watoto kwenda kuchuma kahawa katika mashamba ya wengine. Hakuna aliyehitaji kuelezwa jiwe la kusagia ni nini.

Kisha mmoja wa wanawake wale akaingia katika ofisi ya ardhi. Karani alikuwa akisema Kihispania, ambacho mama yule hakukijua. Kati yao alikaa mkalimani. Mama yule akazungumza dakika nne nzima, akionyesha kwa mkono huku na kule, na chini hapakutokea neno hata moja. Alipomaliza, mkalimani akamgeukia karani, na hapo maandishi yakatokea: Anasema hana karatasi.

Dakika nne bila maandishi, kwa mtafsiri asiyeruhusiwa kunyamaza, ni ndefu. Sidonia alifanya alichokuwa akifanya siku zote. Alimpa mama yule ugomvi na mke mwenza kuhusu beberu aliyekula mtama. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje.

Wakati Wilbert anakunja nyaya, alikuja Bibi Restuta, mjane aliyekuwa amekaa mstari wa mbele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu, yule mama ana shida gani na beberu?"

"Ndivyo alivyosema, bibi."

"Mimi nimefuga mbuzi miaka sitini. Uso wa mtu aliyeudhiwa na mbuzi naujua. Ule si wenyewe."

Wilbert anakumbuka kwamba ilikuwa mara ya kwanza kumwona mkewe akikosa la kusema, akadhani ni malaria.

"Kamuulize alisema nini," bibi akaendelea, "halafu urudi utuambie. Mimi nipo."

Sidonia akarudi Makole na neno hilo. Alikuwa amemcheka mkalimani wa kwenye filamu, mtu aliyechukua dakika nne za mwanamke akazifanya maneno matatu. Yeye alizichukua zilezile akazifanya beberu. Alimwambia Rose kwamba katika kazi yake amewaua watu wengi na hakuna aliyemsumbua, lakini huyu mama hajafa, na bado amesimama pale ofisini.

Akaanza kuuliza. Rose alikuwa chuo kikuu, akamwandikia barua pepe za Kiingereza kwenda kila anwani waliyoipata. Waliotengeneza filamu hawakujibu. Padri mmoja wa huko alijibu kwa upole kwamba Wamaya wana lugha zaidi ya ishirini, na yeye anajua mbili, hakuna iliyo ya yule mama. Sidonia alimwelewa kabisa. Ni sawa na kumpa Mgogo kaseti ya Kisandawe na kumwambia atafsiri kwa kuwa wote ni wa Dodoma. Ilipita miaka. Kila alipokwenda Bahi, Bibi Restuta alimuuliza kama yule mama amepatikana, na Sidonia alijibu kwamba bado anatafutwa.

Mwezi Mei 2023 alianza kuumwa tumbo, na vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho. Alitibiwa Dodoma na baadaye Dar es Salaam. Daktari alipomweleza muda aliobaki nao, alisema hautoshi, ana mtu anamsubiri jibu Guatemala na mwingine anamsubiri jibu Bahi, na wote ni wazee. Aliendelea kumsemea Rose barua akiwa kitandani.

Septemba 2024 jibu lilikuja. Mwalimu mmoja wa kike, anayesema Kikiche, lugha ya yule mama, alikuwa ameisikiliza sehemu ile na kuiandika yote kwa Kiingereza, kurasa mbili. Sidonia alizisoma, akaagiza gari. Madaktari walikataa. Jumamosi tarehe 12 Oktoba alikuwa Bahi, ukumbi uleule, ameegemea mito miwili, kipaza sauti mkononi, filamu ileile ikionyeshwa tena.

Safari hii alisema kwa Kigogo, na hakuongeza kitu. Mama wa Kimaya alikuwa akisema hivi. Shamba langu linaanzia kwenye jiwe jeusi ambalo mama mkwe wangu alianikia nguo. Linapanda hadi mparachichi nilioupanda alipozaliwa binti yangu wa kwanza, nao hauzai upande wa baridi. Linashuka hadi nilipowazika watoto wawili, mmoja ana jina, mwingine hakusubiri jina. Kutoka hapo hesabuni hatua sitini, hatua za mwanamke mwenye kuni, si za mwanamume asiyebeba kitu. Hiyo ndiyo karatasi yangu. Iandikeni.

Bibi Restuta, ambaye sasa hakuwa akiona vizuri, alisimama akishikilia benchi, akaelekea kwenye shuka lililotundikwa ukutani na kumjibu mama yule. Jaruba langu la mpunga, alisema, linaanzia kwenye mfereji aliouchimba marehemu mume wangu. Akalimaliza lote, pembe kwa pembe, akakaa. Akasimama Mama Elisante na la kwake. Akasimama mwingine. Wilbert alizima jenereta ili wasikike. Waliendelea mpaka jua likapinda, wanawake thelathini na moja, mmoja mmoja, wakimweleza mtu wa ng'ambo ya bahari mipaka yao na waliozikwa humo. Sidonia alikuwa amelaza kipaza sauti mapajani, akisikiliza.

Alifariki dunia nyumbani kwake Makole, asubuhi ya Jumanne tarehe 3 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Ameacha mume, Wilbert, watoto, Rose na Abeli, wajukuu wawili, kaka yake Bartolomayo na mdogo wake Faustini. Bibi Restuta yupo nasi hapa, mstari wa mbele.

Jana umefika ujumbe wa sauti wa rambirambi kutoka kwa yule mwalimu wa Guatemala, kwa Kikiche, ukiwa na tafsiri yake. Ratiba imebana na mchungaji ameomba ufupishwe. Ujumbe una dakika saba. Rose atausoma wote.

Bwana ampe dada yetu Sidonia pumziko jema.