Mwito wa Tatu wa Mzee Spika

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, Mzee Spika atafunga mlango wa chumba namba mbili cha mahakama yetu kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Wakazi wa mtaa wa nyuma, waliokuwa wakizijua kesi zetu bila hata kutoka vitandani, Jumatatu watadhani tumefunga mahakama.

Kwa mgeni, Mzee Spika ndiye karani anayesimama mlangoni na kuita washtakiwa na mashahidi. Sauti hiyo, jamani! Siku moja alimwita mshtakiwa wa wizi wa baiskeli. Mshtakiwa akaingia, na nyuma yake akaingia fundi bomba aliyekuwa akitengeneza choo cha ghorofani, spana mkononi, akiapa kwamba hajaiba kitu. Mke wa Mzee anasema nyumbani watoto walikuwa wakiitwa kula mara moja tu, na majirani nao walikuwa wakinawa mikono.

Lakini mahakamani shahidi huitwa mara tatu. Asipoitika mara ya tatu, hakimu anaweza kuitupa kesi. Makarani wengine huita zote tatu hapo hapo mlangoni, chapchap, wakarudi kukaa. Mzee Spika aliita mbili mlangoni. Ya tatu alikwenda nayo: koridoni, chooni, kwenye ngazi, hadi getini. Hakimu mmoja mgeni aliwahi kuuliza kama karani wake anaita shahidi au anakwenda sokoni. Mzee alijibu kwa heshima zote kwamba utaratibu unasema mara tatu, hausemi mtu awe amesimama wapi. Hakimu alipekua vitabu siku mbili, hakuona kitu, akavirudisha kabatini.

Sababu yake alitueleza mara moja tu, tukinywa chai masjala. Zamani, kabla hajaajiriwa, alimsindikiza dada yake kwenda kumshtaki shemeji aliyekuwa akimpiga. Dada akaingiwa na hofu, akakwama getini. Kaka mtu akaenda kumtafutia maji ya kunywa. Aliporudi na kikombe, jina lilikwisha kuitwa mara tatu na kesi imetupwa. Dada alirudi nyumbani kwa yule yule aliyempiga. Mzee alimaliza kusimulia, akaosha kikombe chake, na siku hiyo hakututania tena.

Ndiyo maana hatusahau asubuhi ya fundi cherehani. Mumewe alikuwa amemvunja taya kwa pasi. Daktari alishatoa ushahidi, amebaki yeye tu, na mara mbili hakutokea. Hakimu alikwisha kuonya kwamba asipofika safari hii, kesi inaondoka. Mume na kaka zake wawili walijaza benchi la mbele wakipiga soga kama wako harusini. Mwito wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Mume akaanza kufunga vifungo vya koti.

Mzee akatoka. Alipita koridoni, akashuka ngazi, akafika getini, akavuka na barabara. Alimkuta kwenye duka la fotokopi, amegeukia ukuta, mkoba kaukumbatia kifuani. Mwenye duka ndiye shahidi wetu: anasema Mzee Spika alisimama kando yake akamwita jina kwa sauti ya chini kabisa, sauti ambayo sisi hatujawahi kuisikia. Mama yule akasema miguu imegoma. Mzee akamwambia hata ya kwake ina miaka mingi, waende nayo hivyo hivyo.

Wakaja pole pole. Fundi alitoa ushahidi saa mbili nzima, na mume akapata miaka saba. Taya halikurudi kama zamani, lakini tangu siku hiyo mwenyewe anasema analala usingizi. Mzee ukimsifia anakasirika. Husema fundi ndiye aliyesema, hakimu ndiye aliyehukumu, yeye alivuka barabara tu. Haya, Mzee, tumesikia. Wiki iliyopita binti anayerithi kazi yako alipofika mwito wa tatu, tulimwona akichukua mwavuli akatoka na mvua yote ile.

Asante, Mzee wetu. Nenda kapumzike na mama, wajukuu wakuchoshe wewe sasa, na afya isikupungukie hata siku moja.

Ijumaa nawe utaitwa mara tatu uje ukate keki. Mara ya kwanza atakuita hakimu, ya pili sisi wa masjala. Ya tatu itatoka ng'ambo ya barabara, pale kwenye duka la fotokopi. Fundi cherehani ameiomba mwenyewe, na ametuonya kabisa kwamba yeye hataita kwa sauti ya chini.