Mayai ya samaki na dawa ya kakao

Jirani yangu Hadjara aliniuliza siku moja kama dawa ya kupulizia kakao inaweza kumfikia mtoto tumboni. Sikujua. Juzi, nilipokuwa nikisali rozari katika taksi ya Butembo kwenda Beni, mama mjamzito mwenye bidoni, dumu la dawa hiyo, mapajani alimuuliza vilevile kijana anayefanya kazi ya labo, katika maabara ya kupima dawa.

“Sasa banaijaribia mu mayai ya samaki, mama,” kijana akasema. “Zamani balikuwa banatesa sungura. Banatia dawa, banaangalia katoto vile kanakomea, vile kanakua.” Mama akauliza kama kalikomea muzuri. “Tungine tulipinda mugongo.”

“Mimi hapana kubeba samaki, docteur.”

“Mais bote banaanzaka vilevile, samaki na mutu.”

Katekisimu yetu haikusema hivyo. Nikapoteza mahali nilipofika katika rozari.

“Donc, wa kwangu? Nilipulizia shamba yote, mimba ikiwa ya myezi tatu.”

“Siwezi kusema, mama. Yai inaonya tu.”

“Inaonya nini, kama hauwezi kusema?”

Taksi iliposimama Maboya, mama akashuka, akaenda zake, bidoni ameishika mbali na tumbo, mkono umenyooka.