Indiketa ya Kulia

Tulikuwa karibu kufika Rongai, shuttle yetu ikitoka Eldoret, nyuma ya lori la mahindi lililokuwa likitambaa. Lori likawasha indiketa ya kulia. Dereva wetu akatoka kulipita.

"Boss, rudi! Amekuonyesha usipite!" akapiga kelele Deepa, mama mwenye duka la vitambaa Nakuru, ambaye tangu Eldoret alikuwa ametusimulia biashara yake yote.

Mzee Makhanu, aliyeketi kando yake, akacheka. "Mama, mimi nimeendesha lori miaka ishirini. Kulia maana yake ni pita."

Mbele yetu ikatokea tanka ya mafuta, taa zote zikiwaka. Dereva akarudi nyuma ya lori kwa pupa, na sisi abiria tukamkumbuka Mungu kwa majina yake yote.

Deepa alipopata pumzi akauliza, "Na hiyo kazi uliacha kwa nini?"

"Ajali," mzee akajibu. "Lakini aliyenigonga ndiye hakujua indiketa."

Tuliposimama Rongai, Deepa akashuka, ingawa alikuwa amelipa nauli ya kufika Nakuru. Dereva akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kati ya hao wawili, nani anasema ukweli? Mimi huwa nabahatisha tu."