Mzee Lazarus Muchiri na Wimbo wa Dakika Ishirini

Baada ya miaka thelathini na miwili katika redio yetu hapa Eldoret, fundi mitambo na mtangazaji Mzee Lazarus Muchiri anastaafu tarehe 30 Juni. Usimamizi umenunua keki.

Mzee aliajiriwa kutengeneza mitambo. Mtangazaji wa Jumamosi alipohamia Nairobi, Mzee aliambiwa akalie kiti chake kwa wiki mbili tu, na hakuna aliyekumbuka kumwondoa. Studioni alikuta santuri mbili za bendi moja ya Uingereza, zote zikiwa na wimbo uleule wa roki wa dakika ishirini: moja ilirekodiwa studioni, nyingine jukwaani. Akawa anazicheza kwa zamu kila Jumamosi mchana. Ndipo wasikilizaji walipogawanyika.

Mama Priscah Jepchumba, mfugaji wa Ainabkoi, aliongoza kambi ya jukwaani. Alishikilia kwamba pale uzi wa gitaa ulipokatika, mpiga kinanda akalazimika kuendelea peke yake, ndipo Mungu alipoingia. Bwana Njenga, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Burnt Forest, alisema yeye hawezi kusifu ajali. Ya studio ilikuwa imenyooka kama ukuta uliopimwa. Walibishana hewani miaka nenda, miaka rudi. Kambi zikapata wenyeviti, makatibu, na kikao cha maridhiano kilichoazimia kuitisha kikao kingine.

Kisha meneja wetu mpya, Madam Purity, akaona kwamba dakika ishirini zingetosha matangazo mengi sana ya mbolea. Akaagiza wimbo ukatwe, zibaki dakika nne. Mzee, ambaye hakuwa amewahi kupinga agizo lolote, alikataa.

"Madam, huu si sukuma wiki ya kukatwakatwa," alisema.

Akapewa barua ya onyo, na tetesi zikaenea kwamba kipindi kinafutwa.

Jumatatu iliyofuata, Mama Priscah na Bwana Njenga, watu ambao walikuwa hawasalimiani, walifika kwa pikapu moja, wakaingia ofisini kwa meneja bila miadi.

"Sisi tunagombana," Njenga alimwambia, "lakini hatujamtuma mtu atuamulie."

Mama Priscah aliongeza kwamba ng'ombe wake hawaachilii maziwa bila kile kinanda. Kampuni ya mbolea, iliposikia kwamba wanaolalamika ndio wateja wake, iliomba kutangazwa baada ya wimbo. Onyo likafutwa, na usimamizi ukajipongeza kwa ubunifu.

Wiki jana, kwenye chai ya kumuaga, kambi zote mbili zilimwomba Mzee atoe uamuzi: ni rekodi gani iliyo bora?

"Sijui," alijibu kwa upole. "Nikishaiweka huwa naenda kantini kula. Hizi nyimbo fupi, mtu hamalizi ugali."

Mama Priscah na Bwana Njenga walitazamana, wakatoka nje, wakarudi wamebeba mashine ya santuri waliyomnunulia kwa kuchangishana.

"Utaanza na ya jukwaani," Mama Priscah alimwambia.

"Ya studio," Njenga akasema.

Walikuwa bado wanabishana keki ilipokatwa.

Mzee Lazarus, nenda salama nyumbani kwako Timboroa, upate afya na mapumziko mema. Asante kwa kutupa, miaka yote hii, kitu cha kugombania ambacho hakikumuumiza mtu.