Miwani ya Musonda

Lifti ya mgodi ilikuwa ikitushusha chini ya mji wa Kitwe, na mzee Kapambwe hakuweza kunyamaza. Alimgeukia fundi umeme mgeni, Musonda, aliyeshika miwani inayomwonyesha nyaya zilizofukiwa ndani ya kuta.

"Binti, huku sisi tunagonga mwamba kwa nondo, tunausikiliza kama umelegea. Hiyo miwani yako ina masikio?"

"Haina, mzee. Ila baba yangu aligonga, akasikiliza, kisha akatoboa waya wenye umeme. Tulimzika. Leo natoboa mimi, na nitatoboa nikiona."

"Na ikizimika?"

"Nitaacha kutoboa. Nondo yako ikinyamaza, wewe huacha?"

Nikajibana pembeni, maana mzee akikasirika huibwaga nondo yake, na nondo ile haichagui mguu.

Lifti ikasimama. Mzee akanyanyua nondo, Musonda akavaa miwani, wakaukabili pamoja mlango unaopitisha mtu mmoja tu.